Alama Arobaini na Moja za Kwedimsasa

Jumapili, 1 Septemba 1996

Old Korogwe, nyumbani.

Kesho naanza kazi yangu ya kwanza bila mtu wa kunisimamia. Hatimaye! Miezi mitano nimekuwa nikipanga mafaili ya wengine na kunakili barua. Sasa nimekabidhiwa tathmini nzima.

Maelezo ya kazi, ili niyaweke sawa kichwani. Shirika letu linaendesha makao matatu ya wazee. Wafadhili wamesema hawataweza tena kuyabeba yote. Makao yatakayopata chini ya alama hamsini katika mia yatafungwa, na wazee watarudishwa kwa jamaa zao. Mawili yamekwishapimwa, yamepita. Yamebaki ya Kwedimsasa, huko Handeni. Hayo ni yangu.

Mratibu wetu, Bwana Ponsiano, alinikabidhi fomu mwenyewe juzi. Kurasa sita, visanduku vingi, vipengele vitano vyenye alama ishirini kila kimoja: chakula, usafi, afya, malazi, heshima ya mzee. Akasema hataki hadithi, anataka alama. Nikamjibu kwamba nimemwelewa kikamilifu. Majaribio yangu ya kazi yanakwisha tarehe thelathini, na siku hizi ajira hazipatikani — wenzangu niliohitimu nao wanauza mitumba na shahada zimo sandukuni.

Baba ameuliza wazee wenyewe ni akina nani. Nimemsomea kutoka kwenye faili: wengi ni manamba wa zamani, walioletwa kukata mkonge wangali vijana, kutoka Msumbiji, Burundi na Songea. Shamba lao lilipouzwa, kambi ilibomolewa, nao hawakuwa na pa kwenda.

— Sasa watarudishwa kwa jamaa gani? akauliza.

Nikamwambia ipo fomu ya jamaa, ila inajazwa baadaye.

Jumatatu, 2 Septemba

Kwedimsasa. Nimefika saa nane mchana, vumbi hadi kwenye kope.

Majengo manne ya matofali, bati jekundu, uwanja mpana mkavu. Wazee kumi na tisa. Msimamizi ni Mama Grasiana, mwanamke mnene, mpole, mwenye kanga mbili na funguo kiunoni. Amenipa chumba, termosi ya chai na beseni la maji. Amesema niyatumie yote tu, nisione haya. Lakini nimeyaona mapipa yao. Maji hapa si ya kuchezea. Nimetumia nusu.

Alasiri nilikutana na wazee barazani. Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo kumi na tisa. Kisha nikatoa hotuba fupi niliyoiandaa. Nadhani ilikuwa nzuri. Niliwaonyesha fomu, nikaeleza kwamba nitakaa nao siku sita, na kila siku nitatia tiki kwenye visanduku hivi kulingana na nitakayoyaona kwa macho yangu.

Mzee mmoja mrefu, Mzee Bernardo, aliyekuja kutoka Msumbiji akiwa kijana wa miaka kumi na saba, aliomba aione karatasi kwa karibu. Hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya visanduku, mstari kwa mstari.

— Tiki kila siku, mama?

— Kila siku, mzee wangu.

— Na zisipotimia?

Sikuona haki kuwaficha. Nikasema zisipotimia, makao yatafungwa.

Mzee Bernardo akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua siku nyingi, akasema basi, wamesikia. Kutoka pembeni, juu ya ngozi ya ng'ombe, Bibi Noonkipa — Mmasai, mjane, ndiye pekee asiyetoka kwenye mkonge — akapaza sauti:

— Haya! Tumeletewa nyapara wa kike!

Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Ni muhimu mtathmini akubalike mapema.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeshtuka. Bado nimeshtuka ninapoandika.

Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia vishindo uwanjani. Nikafungua dirisha. Wanaume kumi na wanne wamesimama mstari mmoja, wenye fimbo na fimbo zao, wakitazama mlango wangu! Nilipotoka, wakatawanyika kazini. Wawili wanafagia. Watatu wanalima ukingo wa uwanja kwa majembe. Mzee Sadala, haoni vizuri, anachota maji kwa ndoo. Mzee Bernardo anafyeka nyasi kwa panga, amejipimia kipande cha ardhi kwa hatua zake, anakwenda nacho sawasawa. Wanawake wanne wanachambua mbaazi kama wanakimbizwa. Bibi Noonkipa peke yake hakuinuka. Alikuwa anaota jua na kuwachekelea.

Kipengele cha tano kinasema wazi: mzee asifanyishwe kazi.

Nilimwendea Mzee Bernardo. Nikamuuliza nani aliyewatuma.

— Hakuna, mama. Kazi ni kazi.

— Lakini mzee, umri wako!

— Umeniona? akaniuliza, akitazama peni yangu.

Nikasema nimemwona. Akaridhika, akainama tena. Jibu la mtu aliyefundishwa la kusema, nadhani. Chuoni tulisoma habari za taasisi zinazowatisha wanaozitegemea.

Nimetia alama zangu. Sikusita.

Alhamisi, 5 Septemba

Hali ni ile ile, siku ya tatu mfululizo. Leo Mzee Sadala ameanguka na ndoo. Kifundo cha mguu kimevimba. Muuguzi huja mara moja tu kwa wiki, na dawa kabatini ni za maumivu tu (afya: alama sita).

Nilimkabili Mama Grasiana jikoni. Kwa heshima, lakini bila kuzunguka. Nilimweleza kwamba nimeona wazee wakifanyishwa kazi tangu alfajiri, na kwamba ni wajibu wangu kuandika.

Aliweka mwiko chini. Akasema ana miaka tisa hapa, na hajawahi kumtuma mzee hata kuokota kuni.

— Mwanangu, kabla hujaja hawa walikuwa wanalala mpaka jua linawafuata kitandani. Nimewakataza. Wananiambia nisiwaharibie.

— Nini usiwaharibie?

— Hawasemi. Waulize wewe, wewe ndiye mgeni wao.

Nimewauliza. Kila mmoja ameniambia anapenda mazoezi.

Nimeandika: Msimamizi anakana.

Ijumaa, 6 Septemba

Niwe mkweli hapa, kwa kuwa hakuna mwingine anayesoma. Uji ni mzuri. Mama Grasiana huwajua kwa majina nani asiyetafuna, nani hataki chumvi, nani anaogopa giza. Jana alikaa na Mzee Sadala, akimkanda mguu kwa maji ya moto, huku wakibishana kuhusu mpira wa mwaka gani sijui. Fomu haina kisanduku cha mambo hayo. Nimetafuta.

Bibi Noonkipa halali kitandani. Analala kwenye ngozi yake, chini. Nilipomuuliza kama amenyimwa kitanda, alinitazama kwa huruma kabisa.

— Kitanda kile pale, lala wewe. Mimi nikianguka kutoka juu utanifunga kidonda kwa karatasi yako?

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeondoka. Walijipanga tena kuniaga. Uwanja umesafishwa hadi unang'aa. Sijawahi kuona makao safi namna ile. Usafi nimewapa kumi na tano.

Mzee Bernardo alisogea dirishani mwa pikapu.

— Mimi ni sita, mama?

Nikadhani anahesabu siku za ukaguzi wangu. Nikamjibu ndiyo, mzee, sita kamili. Akavua kofia.

Jumatatu, 9 Septemba

Korogwe, ofisini.

Chakula 11. Usafi 15. Afya 6. Malazi 9. Heshima ya mzee 0. Jumla 41.

Bwana Ponsiano alisoma ripoti yangu yote, hata viambatisho. Akasema ni kazi ya mtu mzima. Akasema anaiona sahihi yangu kwenye barua ya ajira ya kudumu mwezi ujao, na kwamba hao waliopima makao mengine wangeisoma wajifunze. Nilitoka nje kwanza, nikasimama kwenye ngazi, ndipo nikatabasamu.

Ripoti imekwenda Dar kwa faksi saa tisa.

Alhamisi, 12 Septemba

Kwedimsasa tena. Nimetumwa na barua ya kufunga makao, na fomu kumi na tisa za jamaa.

Naandika nikiwa nimekaa kitandani mwa chumba kile kile. Mchana. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilisoma barua barazani. Siku tisini za kuhama. Mama Grasiana alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaingia ndani. Hakuna aliyelia. Nilianza na Mzee Bernardo. Jina la jamaa wa karibu?

— Hakuna.

Kijiji alichotoka?

Alikitaja. Akasema labda kipo, labda hakipo. Miaka hamsini hajakiona, na vita vimepita pale mara mbili. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha karani aliyechoka:

— Mama, hapo pana makosa. Sisi hatukukosa hata siku moja.

— Siku gani, mzee?

Akafungua kitambaa alichokifunga mkononi. Ndani, kadi kuukuu, rangi ya chai, imekunjika mara nne. Visanduku thelathini. Katika kila kimoja, alama ya peni.

Kipande. Nililisikia neno hilo utotoni — nani wa Korogwe asiyelisikia? Sikuwahi kukiona. Akanieleza jinsi kilivyokuwa. Alfajiri mnajipanga. Nyapara anakupimia ngwe yako ya mkonge. Ukiimaliza, anatia alama. Usipoimaliza, siku hiyo hukuwepo duniani. Alama zikitimia thelathini, unakaa kambini, unakula. Zisipotimia — nje.

— Wewe ulisema tiki kila siku. Ulisema zisipotimia, nyumba inafungwa. Tukasema basi, hii tunaijua. Sadala hakutaka, macho yake mabaya. Nikamwambia: Sadala, utatuponza wote kwa ajili ya macho? Akachukua ndoo.

Kumbe nyapara ni mimi. Mimi!

— Na Mama Grasiana? nikauliza mwishoni. — Mbona hamkumwambia?

— Mama Grasiana ana roho nyepesi. Angekuja kukuomba utuonee huruma. Nyapara haombwi.

Bibi Noonkipa alikuwa amesogea na ngozi yake ili asikie vizuri.

— Nilijua mimi, akasema. — Wazee wa mkonge hawa, ukiwaonyesha karatasi yenye vidirisha wanatafuta jembe.

— Bibi, ulijua? Mbona hukuniambia?

— Uliniuliza kitanda. Nikakujibu kitanda.

Fomu za jamaa zimebaki tupu, zote kumi na tisa. Sikumfuata mwingine.

Nimekwenda jikoni, nimemwomba Mama Grasiana msamaha. Ameniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemweleza Bwana Ponsiano kila kitu. Nilisimama. Aliniambia nikae, nikakaa.

Nimejaza fomu upya, kwa haki. Kipengele cha heshima: 14. Usafi nimeupunguza hadi 12, maana sehemu ya usafi ule ilikuwa jasho la wazee kwa ajili yangu. Vingine havijabadilika. Jumla 52. Ingekuwa rahisi kuuacha usafi ulivyokuwa. Sikuweza.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alizungusha kalamu mezani, akasema mambo mawili. La kwanza: mfadhili atauliza kwa nini makao yale yale yana alama 41 Jumatatu na 52 Ijumaa, na mtathmini ni yule yule. La pili: kamati ya ajira inakaa tarehe ishirini na nne.

— Bi Mwantumu, unataka nipeleke hii?

— Naomba ipelekwe.

— Ukiwa umefikiri?

— Nimefikiri, bwana.

Akaipeleka. Saa kumi Dar wamejibu: Bi Lea, mkaguzi wa makao makuu, atakuja mwenyewe kuona Kwedimsasa Alhamisi ijayo. Mimi nimsindikize. Atakachokiona siku hiyo ndicho kitakachoamua.

Baba ameuliza kama nimepata barua yangu ya ajira. Nimesema bado.

Jumapili, 15 Septemba

Kwedimsasa hakuna simu. Nimemwandikia Mama Grasiana, nimempa dereva wa lori la mahindi anayepita pale kesho. Nimeandika waziwazi ili pasiwe na utata:

"Alhamisi atakuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Tafadhali wasomee wazee wote. Asiwepo mzee hata mmoja atakayefanya kazi ya aina yoyote. Wakae tu, wapumzike. Makao yote yanategemea jambo hili."

Nimeisoma mara tatu. Ni barua nzuri. Haina neno la ziada.

Jumanne, 17 Septemba

Dereva amerudi. Barua imefika. Mama Grasiana ameisoma barazani mara mbili, na wazee wamesema wameelewa, nisiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 19 Septemba

Kwedimsasa. Saa tano kasorobo. Naandika nyuma ya bohari, nimeegemea pipa. Bi Lea yuko jikoni na Mama Grasiana. Nina dakika chache.

Safari ilikuwa njema. Bi Lea ni mtu wa miaka hamsini hivi, kavaa suti ya kijivu, mkarimu, anasikiliza. Njiani nilimweleza habari ya vipande. Alisema inawezekana. Akasema pia kwamba amekwisha kuambiwa hadithi nyingi nzuri na wasimamizi wa makao, kwa hiyo atatumia macho yake. Nilimwambia hilo ndilo ninalolitaka.

Tukaingia uwanjani saa tatu na nusu.

Walikuwa wamekaa.

Wanaume wote kumi na wanne, kwenye mabenchi mawili, mstari ulionyooka. Migongo wima. Mikono juu ya magoti. Mashati yamefungwa vifungo hadi kooni. Wanawake wanne kwenye mkeka, miguu imenyooshwa pamoja, namna moja. Jua lilikuwa limekwisha kuwafikia usoni, na hakuna aliyesogea kulikwepa. Nzi alikuwa juu ya paji la uso la Mzee Sadala. Hakumfukuza.

Nikajua. Kabla sijashuka garini nilijua.

— Shikamooni wazee, akasema Bi Lea.

— Marahaba! Kwa pamoja, kama darasa.

Mama Grasiana akatoka mbio, macho mekundu. Akaninong'oneza kwamba wako hapo tangu saa kumi na mbili. Uji umepoa sufuriani, hawataki kuugusa. Wanasema kula nako ni kusogea. Ameomba, amefoka, amelia.

Bi Lea alipita mbele yao taratibu. Alitazama mikono. Alitazama uji. Kisha akanitazama mimi, si kwa ubaya, akatoa daftari lake dogo na peni. Nikaona macho ya wote kumi na wanne yakiifuata peni ile, bila shingo hata moja kugeuka.

Bibi Noonkipa hakuwepo kwenye mkeka. Alikuwa kivulini, anatafuna kitu.

— Wanafanya kazi vizuri leo, eti! akaniambia.

— Bibi, tafadhali, nikasema. — Mwambie huyu mama. Mweleze.

— Mimi nimweleze? Mimi sina kipande.

Bi Lea aliinama mbele ya Mzee Bernardo. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola.

— Mzee wangu, mbona hamjanywa uji?

— Tutakunywa, mama. Ukishamaliza.

— Nani amewaambia mkae hivi?

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Lakini kazi ya mkaguzi haiingiliwi, mimi mwenyewe ndivyo nilivyofundishwa, na nikangoja.

Mzee Bernardo hana mazoea ya uongo. Kwa siku sita zile aliniambia "hakuna", na kweli hakuna aliyemtuma. Leo ameulizwa, na leo aliyewatuma yupo. Alinyanyua mkono kutoka gotini — mara ya kwanza tangu alfajiri, nadhani — akanionyesha kwa kiganja kizima, kwa adabu, kama anavyotambulishwa mtu mkubwa.

— Mama huyu. Ametuletea barua. Imesomwa mara mbili. Hatukukosea, mama, tumekaa wote.

Bi Lea akaandika. Aliandika mstari mmoja, akaufikiria, akaongeza wa pili. Akaomba aione barua hiyo. Mama Grasiana ameiweka kwenye mkebe wa sukari, ndiyo waliyokwenda kuitafuta huko jikoni.

Namsikia sasa anaisoma kwa sauti. Sentensi zangu. "Asiwepo mzee hata mmoja." Anasoma polepole. Amefika "makao yote yanategemea", amenyamaza.

Wazee bado wamekaa. Nimewaendea, nimewaambia imetosha, wainuke, wanywe uji. Nimemshika Mzee Bernardo mkono nimwinue. Amekataa, kwa upole. Amesema bado hajamwona yule mama akitia tiki.

Ananiita. Bi Lea ananiita, kwa jina langu